Bunduki, Vyeo na Jembe: Ujenzi wa Dola Kati ya Unyamwezi na Ziwa Tanganyika, 1860–1893

Dola haikushuka kutoka mbinguni, wala haikuletwa Afrika ndani ya sanduku la mkoloni. Dola huzaliwa pale ambapo jamii imefikia hatua ya kuzalisha ziada, na kundi fulani la watu likaanza kuishi kwa ziada hiyo na kuilinda kwa nguvu. Kwa hiyo kada anaposoma habari za mtawala aliyesifiwa kwa kuleta mambo mapya, asitosheke kujua kwamba mtawala huyo alikuwa hodari. Inafaa aulize: ziada ilitoka kwa nani, ilikwenda kwa nani, na ilijenga kitu gani kilichobaki baada yake?

Makala hii inauliza maswali hayo juu ya nchi iliyo kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika, yaani Unyamwezi, Ukimbu, na zile nchi za Ukonongo, Mpimbwe, Usowa na Ubende ambazo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Katavi. Katika nchi hizo, kabla Wajerumani hawajafika, watawala wawili walijaribu kujenga dola za namna mpya: Mirambo wa Urambo na Nyungu ya Mawe wa Kiwele. Waandishi wa kikoloni waliwaita majambazi. Wengine, kwa kutaka kuwasifu, walimwita Mirambo Napoleon wa Afrika. Baada ya Uhuru tumewaita mashujaa, na jina la Mirambo limepewa barabara na kambi ya jeshi. Maelezo yote hayo yana kasoro moja: yanamtazama mtu, hayaitazami jamii.

Mfano wa Urusi

Ili tuelewe vizuri mambo ya kwetu, tuanze na mfano unaojulikana zaidi ulimwenguni. Urusi ya karne ya 16 na ya 17 ilikuwa nchi kubwa ya wakulima, iliyo nyuma ya Ulaya ya Magharibi kwa ufundi na kwa silaha. Ivan wa Nne, aliyetawazwa kuwa Tsar mwaka 1547, alijaribu kuvunja nguvu za makabaila wakubwa kwa kuunda jeshi lake la vitisho kati ya mwaka 1565 na 1572. Alivunja mengi na kujenga machache, na baada ya ukoo wake kwisha nchi iliingia katika machafuko. Sheria ya mwaka 1649 ikamfunga mkulima kabisa katika ardhi ya bwana wake. Mkulima akawa mtwana: hana ruhusa ya kuhama, na jasho lake ni mali ya mwingine.

Juu ya msingi huo akaja Peter Mkuu, aliyetawala tangu mwaka 1682 hadi 1725. Mwaka 1697 na 1698 alisafiri Uholanzi na Uingereza kujifunza ufundi, hasa wa kuunda meli. Mwaka 1700 jeshi lake lilishindwa vibaya na Uswidi huko Narva. Hakukaa akilia. Mwaka 1703 alianza kuujenga mji wa Saint Petersburg. Mwaka 1705 aliamuru kila kaya 20 zitoe askari mmoja. Na mwaka 1709 aliishinda Uswidi huko Poltava. Mwaka 1711 aliunda Seneti ya kusimamia serikali, na mwaka 1722 akaweka orodha ya vyeo 14, ili mtu apande kwa utumishi wake na si kwa ukoo peke yake. Viwanda vya chuma vya milima ya Ural vilimpa mizinga iliyotengenezwa katika nchi yake mwenyewe.

Lakini nani alilipa? Mji mpya ulijengwa na wakulima walioswagwa kwa amri, na wengi wao walifia kwenye matope yake. Kodi ya kichwa ilitozwa kwa kila mwanamume wa tabaka la chini. Amri ya mwaka 1721 iliwaruhusu wenye viwanda kununua vijiji vizima vya watwana ili wafanye kazi katika viwanda hivyo. Makabaila walinyolewa ndevu na kuvishwa mavazi ya Kijerumani, lakini mashamba na watwana wao walibaki navyo. Hivyo dola ilifanywa ya kisasa huku jamii ikizidi kukazwa katika utwana. Kati ya mwaka 1773 na 1775 wakulima waliasi chini ya Pugachev wakati wa utawala wa Catherine. Utwana haukufutwa mpaka mwaka 1861, na deni lile lililobaki lililipwa katika mapinduzi ya mwaka 1917.

Tunapata mambo matatu ya kupimia. La kwanza ni jeshi. La pili ni vyeo, yaani taasisi zinazofanya kazi hata mtawala akifa. La tatu ni uhusiano katika uzalishaji mali. Peter alibadili la kwanza na la pili, na la tatu akalizidishia ukali. Sasa tutazame kwetu.

Nchi ya misafara

Katikati ya karne ya 19 Unyamwezi ulikuwa njia panda ya biashara. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wamefika pwani kama wapagazi na wafanyabiashara kabla misafara ya Waarabu haijazoea kuja Tabora. Pembe za ndovu na watumwa walikwenda pwani; nguo, shanga, magobori na baruti vilikuja bara. Watemi walikuwa wengi, kila mmoja na nchi ndogo, na madaraka yao yalitegemea matambiko, ushuru wa mazao na pembe, na ushauri wa wazee. Mtemi aliyeko kando ya njia alitoza hongo.

Biashara hii iliipasua jamii. Bei ya pembe ilipopanda ulayani, mtemi alitaka pembe zaidi, na ili apate pembe alihitaji bunduki, na ili apate bunduki alihitaji pembe au mateka. Vijana walitoka katika mikono ya wazee. Wengine walikuwa wawindaji wa tembo, wengine wapagazi waliotoroka misafara, wengine mateka wasio na kwao. Hao ndio waliokuwa rugaruga: askari wasio na shamba, wanaoishi kwa kile walichoteka. Bila kundi hilo, lililozalishwa na biashara ya kibepari ya dunia, Mirambo asingepata jeshi.

Mirambo: jeshi na njia

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840 katika ukoo wa kitemi wa Uyowa. Kuanzia miaka ya 1860 aliunganisha nchi jirani kwa vita na kwa mapatano, na kitovu chake kikawa Urambo, magharibi ya Tabora. Mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Waarabu wa Tabora, wakisaidiwa na Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, walimshambulia. Walimteka mji, lakini waliporudi na nyara zao aliwavizia na kuwaua wengi, kisha mwezi Agosti mwaka huo akavamia na kuchoma makao yao jirani na Tabora. Vita hivyo viliendelea kwa miaka kadhaa, na Sultani wa Unguja alipotuma askari hawakufua dafu.

Hapo nchi ya Katavi inaingia moja kwa moja katika habari hii. Njia ya moja kwa moja ilipofungwa, misafara ililazimika kuzunguka kusini. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, hakuweza kupita Urambo; alipita Ukonongo na kando ya Usowa kwa mtemi Simba, ndipo akapanda kwenda Ujiji. Vijiji vya wawindaji na warina asali vikawa vituo vya misafara, na kila kituo kilihitaji boma la miti kujilinda. Watu waliacha mashamba yao ya mbali na kujibana ndani ya maboma, kwa sababu anayelima mbali na boma aliweza kutekwa. Hiyo ndiyo gharama ya dola mpya kwa mkulima ambaye hakuwa na sauti ndani yake.

Mirambo hakuwa mtu wa vita tu. Alijua kwamba asiye na njia ya kwenda pwani anategemea huruma ya wengine. Alipatana na wafanyabiashara wa Kizungu waliokuja kununua pembe. Mwaka 1876 alichanjiana damu na Stanley. Mwaka 1879 alimkaribisha daktari Southon wa misheni ya London akae Urambo, na alituma wajumbe kwa balozi Mwingereza Kirk huko Unguja. Alitaka kuwatumia Wazungu kupunguza nguvu za Waarabu, kama Peter alivyotaka ufundi wa Uholanzi ili aishinde Uswidi.

Lakini siasa ya nje ya Mirambo ilivunjika katika ardhi ya Katavi. Mwaka 1876 mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ameunda chama alichokiita cha kuchunguza Afrika, na mwaka 1879 Kapteni Cambier akajenga kituo cha chama hicho Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwingereza Carter alitumwa na chama hicho kujaribu tembo kutoka India kama wachukuzi wa mizigo. Mwezi Juni mwaka 1880, Carter na mwenzake Cadenhead walikuwa wakirudi pwani kutoka Karema wakapitia Mpimbwe. Majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba yalikuwa yameivamia Mpimbwe, na Wazungu hao wakauawa katika mapigano. Kirk akamgeuzia Mirambo kisogo.

Wapo wanaosema ilikuwa bahati mbaya tu. Hapana. Jeshi ambalo mshahara wake ni nyara haliwezi kukaa bila vita, na kadiri pembe zilivyopungua karibu na Urambo ndivyo rugaruga walivyosukumwa kusini kutafuta nyara nyingine. Mtawala aliyetaka urafiki wa mabalozi alikuwa amefungwa na jeshi lake mwenyewe. Mpimbwe ilishambuliwa kwa sababu dola ya Urambo haikuwa na namna nyingine ya kula.

Nyungu ya Mawe: vyeo

Nyungu ya Mawe alitoka katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe. Alipokosa nafasi huko alikwenda kusini na rugaruga wake, na katika miaka ya 1870 alijiimarisha Kiwele, katika Ukimbu, nchi ya msitu inayopakana na Ukonongo. Wakimbu walikuwa na watemi wadogo wengi, kila mmoja na msitu wake.

Hapa ndipo Nyungu alipomzidi Mirambo. Mirambo alipoishinda nchi, mara nyingi alimwacha mtemi wa ukoo uleule, au alimweka ndugu yake anayekubali kutii. Nyungu aliweka juu ya watemi hao makamanda wake wachache, waliojulikana kama watwale. Kila mtwale alisimamia nchi kadhaa pamoja, alikusanya pembe na kuzipeleka Kiwele, na alipata cheo chake kwa Nyungu na si kwa ukoo. Ukimbu, ambao haukuwahi kuwa na serikali moja, ulipata muundo wa utawala. Anayeikumbuka ile orodha ya vyeo ya mwaka 1722 ataona kwamba hoja ni ileile: kuvunja madaraka ya ukoo na kuweka madaraka ya utumishi.

Matokeo yalionekana mwaka 1884, maana watawala wote wawili walikufa mwaka huo. Mirambo alifuatwa na ndugu yake Mpandashalo, na nchi zilizounganishwa kwa jina lake zikaanza kujitenga moja baada ya nyingine. Nyungu alifuatwa na mwanamke wa ukoo wake, Mgalula, na dola yake ikaendelea kusimama hadi Wajerumani walipoifikia katika miaka ya 1890. Jeshi bila vyeo lilikufa pamoja na mwenyewe; vyeo viliishi zaidi.

Chuma cha Ufipa na chumvi ya Uvinza

Hata hivyo dola ya Nyungu nayo haikugusa jambo la tatu, yaani uzalishaji. Na si kwamba nchi hizi hazikuwa na uzalishaji. Kusini mwa Katavi, Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Tanuri zao ndefu za udongo, zinazoitwa malungu, ziliyeyusha mawe ya chuma, na mabaki yake bado yanaonekana. Chuma hicho kilifuliwa majembe, na majembe hayo yaliuzwa mbali. Upande wa kaskazini, Uvinza ilikuwa na visima vya maji ya chumvi, na watu wa nchi nyingi walikwenda kupika chumvi huko. Wakonongo walikuwa na asali na nta, na wakulima walikuwa na mtama na ulezi.

Chuma, chumvi, nafaka na mazao ya misitu: vitu hivyo vingeweza kuwa msingi wa uchumi unaojitegemea. Lakini watawala hawa walitaka kuidhibiti njia, hawakuuendeleza ufundi. Walitoza ushuru juu ya kile kilichopita, na kilichopita kilikuwa pembe kwenda nje na bunduki kuingia ndani. Hapo ndipo walipotofautiana kabisa na Urusi. Peter, pamoja na ukatili wake, aliyeyusha mizinga yake mwenyewe. Mirambo alinunua kila gobori na kila pipa la baruti kutoka kwa watu ambao siku moja wangeweza kukataa kumuuzia. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba huko Brussels wa kuzuia silaha zisiuzwe katika Afrika, wakidai wanapiga vita biashara ya utumwa. Waliobaki na silaha nzuri walikuwa wao wenyewe.

Haitoshi kusema watawala wetu hawakuona mbali. Urusi ilikuwa na wakati wa zaidi ya karne moja kati ya Ivan na Peter, na hapakuwa na dola iliyoweza kuimeza. Mirambo alikuwa na miaka 20 hivi. Alipokufa mwezi Desemba mwaka 1884, wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wamekaa Berlin wakiweka kanuni za kuigawana Afrika, na Carl Peters alikuwa ametoka kutia watemi wa Usagara saini katika karatasi zake. Ubeberu haukumpa nafasi ya kukosea na kujirekebisha.

Isike na mwisho wa enzi hiyo

Dola ya mwisho kuanguka katika Unyamwezi ilikuwa Unyanyembe ya Isike, mwana wa Mkasiwa. Isike alijenga ngome imara na kuwapinga Wajerumani kwa muda. Mwezi Januari mwaka 1893, von Prince aliivunja ngome hiyo. Isike alijaribu kujilipua kwa baruti yake mwenyewe, na Wajerumani wakamnyonga akiwa mahututi. Ushujaa wake hauna shaka. Lakini tukumbuke kwamba Unyanyembe na Urambo zilikuwa zimepigana wenyewe kwa wenyewe kwa zaidi ya miaka 10, na nchi ndogo za jirani zilizokuwa zimetekwa na kutozwa hazikuwa na sababu ya kufa kwa ajili ya waliowatoza. Umma usio na fungu lake katika dola hauwezi kuitetea dola hiyo.

Reli ya Mpanda

Ukoloni nao ulidai kwamba unaifanya nchi iwe ya kisasa. Mfano wake katika Katavi ni Mpanda. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi Mukwamba, na kwa ajili ya mgodi huo ikajengwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilometa 210 hivi, iliyofunguliwa mwaka 1950. Reli ilipita katika nchi za wakulima na warina asali, lakini haikujengwa kwa ajili yao. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Kampuni iliondoka na faida yake. Wafanyakazi walibaki na mashimo. Ile reli ilikuwa njia ya pembe iliyovaa chuma.

Tofauti moja ni muhimu. Baada ya Uhuru, reli hiyohiyo iliendelea kuchukua abiria na nafaka za wakulima wa Mpanda. Chombo kilichojengwa kwa unyonyaji kiliweza kugeuzwa, kwa sababu waliokuwa na haja nacho walikuwepo na dola ilikuwa yao. Chombo chenyewe hakina itikadi. Mwenye kukishika ndiye mwenye itikadi.

Funzo kwa makada

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka mkazo mahali ambapo watawala wote tuliowataja hawakuufikia: juu ya watu, ardhi na juhudi zao, na juu ya nani anamiliki njia kuu za uzalishaji mali. Mwongozo wa mwaka 1971 ukaongeza kwamba maendeleo yasiyowaongezea watu uwezo wa kujiamulia mambo yao si maendeleo. Maneno hayo yanamhukumu Peter Mkuu, na yanamhukumu Mirambo pia.

Yanatuhukumu na sisi. Mwaka 1973 Chama kiliamua kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Shabaha ilikuwa shule, maji, zahanati na kazi ya pamoja. Lakini mahali pengi viongozi walichukua njia ya mkato. Watu walihamishwa kwa amri na kwa magari, kabla maji hayajapimwa na kabla udongo haujatazamwa, na nyumba za zamani zilivunjwa ili wasirudi. Kiongozi aliyefanya hivyo alikuwa amesoma Azimio mdomoni na kumfuata Peter kwa vitendo. Tathmini ya mwaka 1977, baada ya miaka kumi ya Azimio, ilisema wazi kwamba nchi ilikuwa haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Chama kinachoweza kusema hivyo juu ya kazi yake kinafanya jambo ambalo hakuna Tsar wala mtemi aliyelifanya.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda. Karema, ambako Cambier alijenga kituo cha Leopold, sasa kuna bandari ya taifa inayoelekea Kongo. Misafara inarudi, safari hii kwa meli na malori. Basi kada wa Mpanda, wa Mlele au wa Karema asihesabu tani zinazopita tu. Ahesabu pia ni mazao mangapi ya mkulima wa Ukonongo yanayopanda katika meli hizo yakiwa yamesindikwa hapahapa. Ni ufundi gani unaobaki mkoani. Na kama mkutano wa kijiji unaweza kusema hapana, ukasikilizwa.

Nchi hii imewahi kuwa na dola yenye bunduki, na dola yenye vyeo. Zote mbili zilipita juu ya jembe bila kuliuliza. Kazi iliyobaki ni kujenga dola ambayo mwenye jembe yumo ndani yake tangu mwanzo, na kazi hiyo haimalizwi kwa mtawala mmoja hodari.